Mwalimu wa Jiografia Aliyebaki Iten



Kila mwaka wa shule unapoanza, walimu hukaa mezani kugawana saa za kufundisha. Hisabati hutazamwa kwanza, kisha Kifaransa, kisha masomo mengine kwa uzito wake. Mwishoni kabisa hubaki saa ya jimnastiki, nayo hutupiwa mwalimu ambaye saa zake hazijatimia, awe amewahi kukimbia au hakuwahi. Nimekuwa katika kazi ya ualimu kwa miaka mingi, nami nimeliona jambo hilo katika shule nyingi za kwetu Vulamba, Butembo hata Beni. Sina haja ya kutaja hata moja, maana zinafanana. Mwalimu huyo huwatoa watoto kiwanjani, huwarushia mpira, kisha huketi kivulini na kusahihisha madaftari. Mwaka unaofuata saa ile hupewa mwingine.

Nasema kwamba desturi hiyo inatugharimu watu, wala siyo michezo tu. Ili nieleweke, nitawapeleka kwenye mji mdogo ambako saa ya namna hiyo ilimwangukia mwalimu wa jiografia, naye hakuiachia kwa zaidi ya miaka 40.

Mji wenyewe hauko mbali na maisha yetu kama mnavyodhani. Magari makubwa yanayowaletea wafanyabiashara wetu bidhaa kutoka Mombasa hupita Nairobi, Nakuru na Eldoret, huvuka mpaka kuingia Uganda, hupita Kampala, na mwishowe hufika Kasindi. Dereva akishuka Eldoret na kuacha barabara kuu, anapanda upande wa kaskazini-mashariki safari isiyofika kilomita 40, na hapo anaikuta Iten. Mji umekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa mita 2400 hivi. Kuna baridi asubuhi, udongo ni mwekundu, na mashamba ya mahindi yanafika hadi kwenye nyua za watu. Mtu wa Lubero akifika pale hatajiona mgeni.

Mwaka 1976 alifika katika mji huo mtawa kijana kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell. Sisi tungemwita Furere Colm. Ni wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa mwaka 1808 na Askofu Daniel Delany katika mji wa Tullow ili kuwafundisha vijana dini na elimu ya kawaida. Mabruda hao walikuwa na shule ya sekondari ya wavulana Iten, St. Patrick's. Colm alikuja kufundisha jiografia, kwa muda wa miezi mitatu. Kuhusu mbio hakuwa na cheti, hakuwa na mafunzo, wala hakuwa amepata kuwa mkimbiaji wa kutajwa.

Shuleni alimkuta Mwingereza mmoja wa kujitolea, Peter Foster, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi riadha. Huyo alikuwa ndugu wa Brendan Foster, ambaye mwaka huohuo alipata medali ya shaba ya mita 10000 katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Foster alijua kazi. Lakini baada ya muda si mrefu akarudi kwao, na saa ile ikabaki haina mwenyewe. Akapewa mwalimu wa jiografia.

Hadi hapo ni kama kwetu. Tofauti inaanzia kwenye yale aliyoyafanya baadaye, na ninaomba msome kwa utulivu, maana hakuna mwujiza ndani yake. Hakujifanya mjuzi. Amesimulia mara nyingi kwamba alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wenyewe na kuwauliza. Alisimama kando ya njia, akaangalia miguu inavyogusa ardhi, mabega yanavyopanda mtoto anapochoka, na mkono upi unaorushwa ovyo. Kesho yake akaangalia tena. Kwa mwalimu hii si kazi ngeni. Ndiyo ileile ya kumtazama mtoto ubaoni ukitaka kujua ni wapi hasa amepotea katika hesabu, badala ya kumpigia kelele kwamba jibu si sahihi. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa hivyo, ingawa wengi wetu tunakusahau tukishapata darasa la watoto 60.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ikasusia tena, huko Moscow. Kwa hiyo wavulana wa miaka yake ya kwanza walikimbia bila kuwa na Olimpiki mbele yao. Medali ya dhahabu ya Olimpiki ilikuja Seoul mwaka 1988, pale Peter Rono, kijana wa miaka 21 aliyelelewa St. Patrick's, aliposhinda mita 1500. Kutoka 1976 hadi 1988 ni miaka 12. Nani kati yetu, akiwa na timu ya parokia, amevumilia miaka 12 kabla ya kikombe cha kwanza? Sisi tukikosa kikombe cha Pasaka, kufika Pentekoste tumekwisha kumbadilisha mkufunzi.

Baada ya Rono wakafuata wengine. Ibrahim Hussein, aliyesoma shuleni hapo, alikuwa tayari Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York mwaka 1987, kisha ile ya Boston mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. (Wa pili siku ile, Mkenya mwenzake Patrick Sang, baadaye akawa mwalimu wa Eliud Kipchoge. Ualimu una njia zake za kuzaa.) Wilson Kipketer alikwenda kusoma Denmark, akaikimbilia nchi hiyo, na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 na sekunde 41,11. Uani mwa shule imepandwa miti yenye majina ya wanafunzi hao, kila bingwa na mti wake.

Lakini kisa ninachotaka kukaa nacho ni cha David Rudisha. Huyu ni Mmasai, mzaliwa wa mwaka 1988 kutoka upande wa Kilgoris. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, Mexico mwaka 1968. David alikuwa mwanafunzi wa shule nyingine ya Iten, Kimuron. Alipenda mashindano ya michezo kumi, na alikimbia mita 400. Kisha akaingia mikononi mwa Bruda Colm. Mwalimu akamtazama kama alivyozoea, akaona kwamba umbali wake ni mita 800. Mwaka 2006, huko Beijing, kijana akawa bingwa wa dunia wa vijana katika umbali huo.

Hapo ndipo wengi wangemharibu. Kijana wa miaka 17 aliye bingwa ni fedha mkononi, na wenye haraka huwa wengi. Mwaka 2008 Rudisha aliumia, akaikosa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009 alifika Berlin kwenye mashindano ya dunia, akatolewa katika nusu fainali. Magazeti yanaweza kuandika kwamba mtu amekwisha akiwa na miaka 20. Mwalimu na mwanafunzi wakarudi Iten, kwenye njia ileile ya udongo mwekundu na mazoezi yaleyale. Waliokwenda kuyatazama husimulia kwamba si mazoezi ya kutisha: kurukaruka taratibu, kunyoosha mwili, kulegeza mabega, kukimbia polepole, kupumzika. Tarehe 22 ya mwezi wa nane 2010, katika jiji lilelile la Berlin, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41,09, akavunja rekodi iliyokuwa imedumu miaka 13. Wiki moja baadaye huko Rieti, Italia, akaipunguza hadi 41,01. Rekodi aliyoivunja mwanzo ilikuwa ya Kipketer, mtoto wa Iten ileile.

Halafu London, tarehe 9 ya mwezi wa nane 2012. Katika fainali ya Olimpiki hakuna mtu wa kukodishwa kuvuta mwendo. Wakimbiaji hodari huogopa kutangulia, maana anayetangulia huwakatia wengine upepo na kuwapa mgongo wa kufuata. Rudisha alitangulia tangu mwanzo na hakuachia nafasi hadi mwisho: dakika 1, sekunde 40,91, rekodi mpya ya dunia. Mwenzake wa pili, Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya vijana. Na yule wa nane, aliyefika wa mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, alitumia dakika 1 na sekunde 43,77. Muda huo wa mtu wa mwisho ungetosha kumpa dhahabu katika fainali za Sydney, Athens na Beijing. Nimeitazama picha ya mbio hizo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri, na kila mara humtazama yule wa nane.

Sasa nasikia mnavyosema. Mtaniambia: hao ni Wakalenjini na Wamasai, wamezaliwa kukimbia, na mwinuko wao unawasaidia. Najibu kwamba mwinuko hata sisi tunao. Butembo iko juu ya mita 1700, na huko Masereka watu wanalima juu zaidi. Watoto wetu wanapanda vilima na madumu ya maji kabla ya shule na kushuka na mizigo baada ya shule. Sidai kwamba kila mmoja wao ni Rudisha. Nasema hatujui ni nani kati yao, kwa sababu hakuna mtu aliyesimama kando ya njia miaka mitano mfululizo akiwatazama. Na Iten yenyewe ilikuwa na mwinuko uleule, na watoto walewale, kabla ya kujulikana.

Mtaniambia tena: wenzetu wana amani. Neno hili ni zito, nami silipitii juu juu. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni wanauawa vijijini na mashambani. Kuna viwanja ambavyo mtoto hawezi kuvifikia jioni, na kuna familia zilizohama mara tatu. Kisha kutoka 2018 hadi 2020 ilikuja Ebola, na hata kupeana mkono baada ya mechi kukawa hatari. Hakuna aliye na haki ya kuwapima vijana wetu kwa kipimo cha mahali palipotulia. Hata hivyo tusidhani kwamba upande ule haukujua damu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwisho wa 2007, eneo la Eldoret liliwaka moto. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa waliteketezwa ndani yake. Siku moja kabla, mkimbiaji Lucas Sang, aliyeshiriki Olimpiki ya Seoul, aliuawa. Ni mwaka uleule ambao Rudisha aliumia. Baada ya hayo yote Bruda Colm aliendelea kufundisha palepale.

Na kwa kweli vita ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Kijana wa miaka 15 wa kwetu anaitwa na watu wengi. Anaitwa na wenye bunduki msituni, wanaompa jina jipya na kazi ya siku hiyohiyo. Anaitwa na wanasiasa, ambao huleta jezi na mipira uchaguzi ukikaribia, huandaa kikombe chenye jina lao, na baadaye huwaoni hadi miaka mitano ipite. Wote hao wanamwita kwa haraka, maana wanamhitaji sasa. Ni nadra kwake kukutana na mtu mzima asiyemhitaji kwa lolote leo, anayejua jina lake na jina la mama yake, na ambaye atakuwa kiwanjani Jumamosi ijayo na Jumamosi ya mwakani. Mimi naamini kijana aliye na mtu wa namna hiyo huwa mgumu kuchukuliwa. Siwezi kulithibitisha kwa takwimu. Nalisema kama mtu aliyewasindikiza vijana kwa muda mrefu.

Mambo mawili bado nataka kuyasema juu ya Iten, maana yasiposemwa picha inakuwa nzuri mno.

La kwanza ni fedha. Mji ule umejaa mameneja, mawakala na makocha wa kujitangaza, na mkimbiaji anayeshinda nje huzungukwa mara moja. Bruda Colm ameishi katika uwanja wa shule. Ni mtu wa nadhiri ya ufukara, na hiyo ilimsaidia, kwa sababu mabingwa walikuja na kuondoka bila kuwa mali yake. Kipketer aliikimbilia nchi nyingine. Rono alikwenda kusoma Marekani. Mwalimu anayemwona mwanafunzi wake kama shamba la kuvuna asingeweza kustahimili hivyo. Sisi walei hatuna nadhiri hiyo, tuna watoto wa kulisha, lakini mpaka kati ya kulipwa na kumiliki tunaujua vizuri.

La pili ni wasichana. Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi za mbio za vijana wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi ndani yake, wakati ambapo wengi waliamini kwamba mbio zao huishia kwenye ndoa. Wamo miongoni mwa waliopita mikononi mwake Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka 2007, na Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Lakini Iten hiyohiyo ndiko alikouawa Agnes Tirop, nyumbani kwake, mwezi wa kumi 2021, akiwa na umri wa miaka 25, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao. Wakimbiaji wenzake wakaanzisha shirika lenye jina lake, kuwasaidia wasichana wanaoteswa na wanaume wanaojiita walezi wao. Basi wazazi wa kwetu wanaosita kumwacha binti aende kiwanjani na mtu wasiyemjua wana haki, na jibu letu lisiwe kuwalaumu. Liwe kuweka mwanamke mmoja kati ya walezi, kufanya mazoezi mahali panapoonekana na watu wote, na kumtoa mara moja yeyote anayemtaka msichana abaki peke yake.

Kuna kundi moja ambalo halina mti wowote pale uani. Ni wale wavulana wengi waliofundishwa jiografia na kukimbia asubuhi, wakamaliza shule bila medali, wakawa wakulima, walimu, askari, mapadri. Hao ndio wengi katika shule yoyote, na kwao hakuna gazeti lililofika. Nikifikiria kazi ya mtu yule nafikiria zaidi hao, kwa sababu Kiro yetu, Maskauti wetu, Xaveri wetu, na timu zote za mashirika yetu, wamejaa watoto wa namna hiyo. Wachache sana watacheza AS Nyuki. Waliobaki wanahitaji nini kutoka kwetu? Wanahitaji kiwanja kilekile na mtu yuleyule.

Kwa hiyo ninawapa pendekezo, mlipeleke kwenye mikutano yenu kabla ya likizo kubwa. Kila kundi la vijana liandike jina la mtu mmoja, kijana mwenye umri wa miaka 20 na zaidi, ambaye anakubali kubaki na watoto wa miaka 10 hadi 14 kwa miaka mitano, siyo kwa mashindano mamoja. Si lazima awe mchezaji bora. Pengine mchezaji bora hafai, maana hana subira na wasiojua. Awekewe mwenzake wa kike. Kila mtoto aandikwe katika daftari: jina, mtaa au kijiji alikohama, siku alizokuja, siku alizokosa. Anayekosa mara tatu mfululizo atembelewe nyumbani, maana kwa wakati huu wetu kukosa mara tatu kunaweza kuwa na maana mbaya. Nanyi mlio walimu, saa ya jimnastiki ikiwaangukia mwaka huu, iombeni tena mwaka ujao.

Najua swali litakaloulizwa kwanza katika baraza la parokia: nani atalipa? Lijibiwe waziwazi, mbele ya watu. Mlezi anahitaji filimbi, mipira miwili, saa ya kuhesabia sekunde, nauli ikiwa anaishi mbali, na mvungu wa sabuni kwa ajili ya jezi. Hesabu hiyo si kubwa kuliko ile ya jukwaa na vipaza sauti tunavyokodi kwa siku moja ya kikombe. Mweka hazina aiandike kwenye bajeti ya mwaka mzima, chini ya jina la huyo mtu.